Hodi Kubwa kwa Mama Mkubwa

Mbamba Bay,
12 Januari 2005

Dada yangu mpendwa Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini baridi ya Mbinga haijakuvunja mifupa na kazi ya ofisini inakwenda. Sisi huku wazima, tunalalamikia joto tu. Nazari anakusalimu, bado anatengeneza baiskeli za watu, na mvua hizi zimemwongezea kazi kwa sababu kila anayetoka na baiskeli anarudi ameibeba. Mimi bado nafanya usafi pale zahanati. Ile kompyuta ya mradi wenu wa dawa naifuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu, kama mlivyoagiza. Nesi Mwanabibi wa Kilwa hajambo, kelele zake hazijapungua.

Habari kubwa ni kwamba Joakim ametembea! Sikukuu ya Epifania alisimama ameshika ndoo, akaiachia, akaenda hatua nne mpaka kwa baba yake. Nilipiga vigelegele majirani wakadhani wamekuja wageni.

Sasa dada, unakumbuka tulivyosemezana kwa mama pale Mapera siku ulipomchukua Luisa. Mimi nilikuwa mgonjwa na mimba ya Joakim, nikasema akae kwako mpaka huyu wa tumboni atembee. Ndiyo ametembea.

Picha nimeipata. Luisa amependeza na hivyo viatu vyekundu. Nimeona amekushika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi alikuwa ananishika kidole kimoja tu. Labda kwa sababu alikuwa mdogo.

Naomba unijibu ni lini.

Mdogo wako,
Tadea


Mbinga,
9 Februari 2005

Mdogo wangu Tadea,

Milele amina, na marahaba. Barua yako ilichukua wiki tatu kushuka na kupanda hicho kilima, maana malori yalikwama, na Edmund utingo aliniletea ikiwa imelowa pembeni. Nimefurahi sana kwa ajili ya Joakim. Mpe pongezi za mama yake mkubwa. Mama yetu Mapera anaendelea, miguu ndiyo inamsumbua. Mvua ni nzuri, mashimo ya ngolo shambani yameshika maharage vizuri mwaka huu. Tarehe kumi na mbili tutamsomea misa marehemu mume wangu Protasi, miaka minne sasa. Nyumba ilikuwa kimya sana kabla ya Luisa kuja, wewe hujui.

Luisa ameanza chekechea kwa masista. Anajua kuhesabu hadi ishirini, ingawa kumi na saba huiruka kila siku. Ana mafua kidogo, nimemfumia sweta.

Najua unamkumbuka. Nimefikiria jambo la kukufurahisha. Ofisini kwetu kuna kisanduku cheusi mezani kwangu, ukubwa wake kama Biblia kubwa ya kanisani. Mafundi wanakiita faiawoli, sisi tumekipa jina Bawabu. Kazi yake ni kukaa mlangoni. Chochote kinachotoka kwenye kompyuta za zahanati za mwambao wa ziwa kinapita kwanza kwake, anakikagua, akiridhika anakiingiza, kisichoeleweka anakirudisha. Kila zahanati ina taa yake ya kijani usoni pa Bawabu. Yenu ni ya pili kutoka kushoto. Ninyi mkileta kitu, inapepesa.

Sasa, kompyuta inaweza kupiga hodi tu bila kuleta kitu, na Bawabu akaitika. Nimekuandikia kwenye hiki kikaratasi cha ndani: fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kompyuta, andika haya maneno na namba kama yalivyo, bonyeza. Namba ya mwisho, 32, ni ukubwa wa hodi. Iache hivyo hivyo. Fanya Jumatano saa nne, zahanati zote zinatuma maombi ya dawa Alhamisi kwa hiyo Jumatano taa zimetulia. Nitamtoa Luisa chekechea nimkalishe mbele ya Bawabu. Taa ya pili ikipepesa nitamwambia, huyo ni mama anakupigia hodi.

Hilo la lini, tuliongee mvua zikiisha. Barabara hii si ya kupitisha mtoto.

Dada yako,
Walburga


Mbamba Bay,
2 Machi 2005

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo. Sisi wazima. Joakim ametoa jino la sita. Usipa wamekuwa wengi wiki hii, mji mzima unanuka samaki na kila kichanja kimejaa, nitakutumia fungu kwa Edmund.

Dada, nimepiga hodi! Nilivyokuwa naogopa, si unajua mimi na darasa langu la saba. Nesi Mwanabibi alisimama nyuma yangu na sindano mkononi.

“Mama Luisa, ukiniharibia hiyo kompyuta nitakupangisha foleni ya sindano na wewe.”

“Nesi, napiga hodi tu kwa dada.”

“Kwa kompyuta? Kwetu Kilwa mtu akipiga hodi anakuja na miguu yake, na anavua viatu.”

Nikaandika herufi moja moja kama kwenye kikaratasi chako. Nikabonyeza. Dada, yakaja majibu manne, mstari juu ya mstari! Nikasema anaitika, nesi anaitika! Mwenyewe akainama kutazama, akacheka, akasema, “Haya, umekaribishwa mara nne, sasa toka niandike ripoti yangu.”

Siku nzima nilikuwa nadeki huku naimba. Nilikuwa naona mtoto wangu anatazama taa.

Lakini jioni alipita Edmund kuleta boksi za dawa. Huyo kijana ana mdomo. Ananiambia mbele za watu, “Mama Luisa wa chini shikamoo, Mama Luisa wa juu anakusalimu.” Nikamuuliza wa juu ni nani. Akasema, “Si yule wa ofisi ya mradi? Nilimkuta sokoni na binti yake, mtoto anamwita mama mama mama, mpaka kanunuliwa ndizi.” Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia.

Ni kweli anakuita hivyo?

Mdogo wako,
Tadea


Mbinga,
4 Aprili 2005

Mdogo wangu Tadea,

Kristo amefufuka. Pasaka tuliisherehekea Mapera, mama alichinja kuku na Luisa alilia sana kwa ajili ya huyo kuku kisha akamla. Usipa tulipokea, asante. Baridi imeanza mapema.

Kuhusu ulichouliza. Tadea, mimi ni mama yake mkubwa. Kwa desturi yetu wewe na mimi wote ni mama zake, na mtoto kuniita mama si kosa, wala sikumfundisha mimi. Wewe anakuita Mama Taa. Alianza mwenyewe, siku ile ya kwanza ulipopiga hodi. Tangu hapo kila akiona taa, hata ya pikipiki, anasema Mama Taa amekuja. Wafanyakazi wenzangu wanacheka sana. Mkuu wetu Bwana Jonas mwenyewe anamtania, “Mama Taa ameamkaje leo?”

Usikasirike, ni jina zuri.

Endelea kupiga hodi Jumatano, anakusubiri.

Dada yako,
Walburga


Mbamba Bay,
20 Aprili 2005

Dada Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sisi wazima. Nazari anakusalimu. Joakim anakimbia sasa.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Unasema wewe ni mama mkubwa. Ndiyo, sikatai, umenitangulia kuzaliwa miaka minane, ulinibeba mgongoni. Lakini mama mkubwa ni maneno mawili, dada. Mtoto anakuita mama. Hilo neno mkubwa limedondokea wapi, kule kilimani? Na mimi niliyemzaa nimebaki taa. Tena taa ya pili kutoka kushoto.

Unajua huku wananiitaje? Mama Luisa. Sokoni Mama Luisa, kisimani Mama Luisa, kanisani Mama Luisa. Mgeni akija ananiuliza, Luisa mwenyewe yuko wapi? Nasema kwa dada. Juzi mwanamke mmoja akaniambia, “Basi tukuite Mama Joakim, ndiye tunayemwona.” Nilimwambia achote maji yake aende.

Nachukia hivyo viatu vyekundu. Nachukia hilo sweta. Nimeandika, sifuti. Mungu anisamehe.

Mvua zinaisha, barabara itapitika. Hujaniambia lini.

Nimepata namna yangu ya kumsalimu mtoto ili anione vizuri zaidi. Ataiona mwenyewe mwezi wa tano, nesi akirudi kutoka semina na ufunguo wa chumba.

Tadea


Mbinga,
23 Mei 2005

Mdogo wangu Tadea,

Salamu kwa Nazari na Joakim. Luisa hajambo. Nakuandikia kwa haraka.

Niko kwenye matatizo kazini. Bawabu ameanza kufa. Mara ya kwanza ni wiki ya tarehe nne mwezi huu. Anazimika akili huku umeme upo, hapitishi kitu, haitiki, mpaka umchomoe ukutani na kumchomeka tena. Mara tatu sasa, na kila mara ni wakati maombi ya dawa yanapotakiwa kuingia. Zahanati zinatuma Alhamisi, hakuna linalofika. Hatujui mpaka Ijumaa mtu apande kutoka mwambao kuuliza kulikoni. Wiki iliyopita zahanati moja ilimaliza kwinini, ikabidi gari liende usiku na usiku. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Bwana Jonas aliniita mbele ya wote. Akasema, “Walburga, hicho kisanduku kiko mkono mmoja kutoka ulipoketi. Kinazima taa zote, wewe huoni? Ulikuwa unatazama nini?” Nilimwambia nilikuwa na kazi nyingi. Amenipa barua ya onyo. Fundi Adolf anakuja kutoka Dar es Salaam mwisho wa mwezi wa sita. Asipopata ugonjwa wa Bawabu, itaandikwa kwamba kosa ni langu, nilikuwa nacheza na waya, na kazi basi.

Nikiachishwa, ofisi itataka na nyumba yake. Nitarudi Mapera kwa mama kuchuma kahawa, na Luisa sitaweza kumweka. Itabidi umchukue.

Niombee.

Walburga


Mbamba Bay,
10 Juni 2005

Dada yangu Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada yangu.

Barua yako niliipata tarehe ishirini na nane. Kwa hiyo nimekaa nayo siku kumi na tatu. Edmund amepita mara tatu kuuliza kama nina barua ya kupeleka juu, nikamwambia sina. Nilikuwa nayo kichwani, mkono ndio haukutaka.

Nitakuambia ukweli wote na wewe utafanya unavyoona.

Niliposoma kwamba utaachishwa kazi na Luisa atarudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufurahi. Sikufurahi kidogo. Nilikwenda kununua kitenge cha kumshonea gauni. Nikamwambia Nazari, mtoto anarudi. Akasema kwa nini? Nikamwambia barabara imekauka.

Halafu nikairudia barua pale uliposema tarehe nne, na mara tatu. Nikatazama kalenda ya zahanati. Tarehe nne Mei ilikuwa Jumatano. Na mimi ndiye niliyepiga hodi tarehe nne, na tarehe kumi na moja, na tarehe kumi na nane.

Dada, sikuiacha ile namba. Uliandika 32. Nilifikiri, hodi ya thelathini na mbili ni hodi ya mtu baki, anayesimama uwanjani kuomba moto. Mimi ni mama wa huyo mtoto. Wewe ndiye mama mkubwa na mimi nipige hodi ndogo? Nikaweka 1000, nikaona Bawabu anaitika. Nikasema kumbe anaweza. Siku hiyo hiyo nikaweka 65000. Nilianza na kubwa zaidi nikapunguza kidogo kidogo mpaka kompyuta ikakubali, hiyo 65000 ndiyo kubwa iliyoikubali. Nilitaka taa iwake sana, iwake muda mrefu, mtoto aseme huyu siyo taa, huyu ni mtu.

Bawabu hakuitika. Nikangoja. Kimya. Dada, nilifikiri umenifungia mlango. Nilifikiri umemwambia Bawabu, huyo wa pili kutoka kushoto usimwitikie. Kwa hiyo wiki iliyofuata nikapiga tena kwa hasira, na ya tatu pia. Ya tatu Nesi Mwanabibi aliniambia, “Mama Luisa, mwenye nyumba hataki wageni, nenda kadeki.” Nikalia mbele yake.

Jumatano zilizofuata sikupiga, kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa kwa fundi wa sola. Uliza kama Bawabu alikufa hizo wiki. Kama hakufa basi ni mimi.

Nimeandika hapa chini saa, tarehe na maneno yote niliyoandika kwenye dirisha jeusi, na namba. Mwonyeshe huyo fundi. Nesi Mwanabibi hana kosa, hakujua namba maana yake nini. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzwe mimi, ndoo na fagio nitaacha pale mlangoni.

Najua nikiituma hii barua, kazi yako itabaki, na nyumba itabaki, na Luisa atabaki. Ndiyo sababu ya zile siku kumi na tatu.

Sasa nakuomba mtoto wangu. Usimtoe kwa sababu umefukuzwa. Mtoe kwa sababu nimekuomba. Na ukikataa, nitajua umekataa wewe, si barabara.

Mdogo wako,
Tadea


Mbinga,
1 Julai 2005

Mdogo wangu Tadea,

Milele amina. Marahaba mdogo wangu.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Adolf. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilitaka kukutukana. Karatasi tatu nimechana. Basi.

Adolf ni mtu mdogo wa umbo, anazungumza kwa upole kama padri. Alikuwa tayari ameanza kuandika kwamba mtumiaji hakufuata taratibu. Nikampa ile karatasi yako ya chini. Akaisoma, akanyanyua kichwa, akauliza, “Huyu Tadea ni fundi wa wapi?”

Nikamwambia anadeki zahanati ya Mbamba Bay.

Akasema, “Ameandika tarehe, saa, ukubwa na matokeo. Mafundi wangu Dar hawaandiki hivi.”

Akamwita Bwana Jonas na wafanyakazi wote. Akakaa kwenye kompyuta yangu, akaandika maneno yako, akaweka 65000, akabonyeza. Tadea, Bawabu alikufa mbele yetu. Taa zote zilizima kwa pamoja, ikabaki moja nyekundu. Bwana Jonas akasema, “Rudia.” Akamwasha, akarudia. Akafa tena. Bwana Jonas akavua miwani.

Adolf alitueleza hivi. Hodi kubwa namna hiyo haipiti nzima kwenye waya, inakatwa vipande vipande. Bawabu lazima avipokee vyote, avishike, aviunge, ndipo ajue ni nini na aitike. Bawabu mwenye akili hukataa mzigo unaomzidi. Huyu wetu hakupewa hiyo akili kule alikotengenezwa, anapokea tu mpaka anajaa na kuzirai. Bwana Jonas akauliza, “Kwa hiyo mtu yeyote angeweza kutuzimia mlango?” Adolf akajibu, “Yeyote, mzee. Bila kuiba kitu, bila kuingia ndani. Anawazuia ninyi kuingia, basi.” Kumbe watengenezaji walishatoa dawa yake tangu mwaka jana, programu mpya ya kumwekea Bawabu, na hakuna aliyeileta. Ameiweka juzi. Tulipiga hodi yako tena, safari hii Bawabu akaikataa na kuendelea na kazi. Kosa limeondoka kwangu. Barua ya onyo imechanwa. Na wewe hufukuzwi, Bwana Jonas amesema ufagio ubaki nao, lakini dirisha jeusi usiliguse.

Hapo ningeweza kuishia. Nilitaka kuishia hapo.

Wewe umeandika siku zako kumi na tatu. Bwana Jonas aliniuliza nilikuwa natazama nini hata nisione taa zimezima siku mbili. Nilimwambia nilikuwa na kazi nyingi. Nitakuambia wewe. Sikuziona kwa sababu tangu mwezi wa nne nilimgeuza Bawabu uso ukutani. Aliyegeuza ni mimi, kwa mikono yangu, baada ya Pasaka. Luisa alikuwa akitoka chekechea anakimbia moja kwa moja kwa Bawabu, hanisalimu mimi, anakaa kwenye kiti changu anangoja. Jumatano moja nilimletea andazi, akasema, “Ngoja kwanza, Mama Taa anakuja.” Mimi niliyemwogesha asubuhi nikaambiwa ngoja. Kwa ajili ya taa! Nikamgeuza Bawabu nikamwambia mtoto taa imelala. Halafu sikumleta tena ofisini siku za Jumatano. Nilikuandikia kwamba anakusubiri. Hakuwa anasubiri. Hodi zako zote za mwezi wa nne na wa tano zilimulika ukuta.

Kama ningemwacha anatazama mbele, ningeona tangu saa nne ya ile Jumatano ya kwanza. Zahanati zisingekosa kwinini.

Luisa atakuja Jumamosi tarehe tisa, na gari la Edmund, amepakatwa na Eunice jirani yangu ambaye anakwenda hospitali ya Liuli kuuguza. Nguo zake zote zimo kwenye sanduku la bati. Hali yai la kuchemsha, kiini kinamkaba. Akikohoa mpe asali, siyo nyingi. Kumi na saba sasa anaisema.

Sitamleta mwenyewe. Usiniulize kwa nini.

Dada yako,
Walburga


Mbamba Bay,
24 Julai 2005

Dada yangu Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Sisi wazima wote wanne. Naandika wanne kwa furaha.

Alifika salama, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Eunice alimteremsha, nikanyoosha mikono. Aliniamkia, dada. Shikamoo, kama mtu anayemwamkia mwalimu. Nikaitika marahaba. Nesi Mwanabibi alikuwapo, akasema, “Mpe muda, huyo ametoka safari, hata mkubwa angekuwa mkali.” Lakini usoni mwake niliona ananihurumia.

Siku ya tatu alishika mkono wa Joakim wakaenda ziwani kutazama watu wanavyoanika usipa. Siku ya tano alinicheka nilipotamka vibaya jina la sista wao. Nilifurahi kuchekwa. Nazari amemfungia kiti kidogo kwenye baiskeli. Gauni la kile kitenge limemkaa fupi, nilikata kwa kipimo cha mtoto aliyeondoka hapa.

Nisikufiche. Anakulilia. Hasa wakati wa kula. Anasema mama hupika maharage hivi, mama hukata kucha hivi, na anaposema mama anamaanisha wewe. Wiki ya kwanza nilikuwa namsahihisha, sema mama mkubwa. Anasema mama mkubwa, analia tena. Nimeacha kumsahihisha. Sikuacha kwa wema, nimechoka tu kulisikia hilo neno likitamkwa kwa machozi. Wivu wangu haujaisha, usidhani nimekuwa mtakatifu. Jana nilimchana nywele, nikaona ulivyokuwa unamsuka, mistari imenyooka kuliko yangu, nikaifumua yote.

Kuhusu Bawabu na ukuta, nimekasirika. Nimekasirika sana, halafu nikajiuliza ningekuwa mimi ningefanya nini, nikaona ningempeleka Bawabu chooni kabisa. Basi tuyaache.

Likizo ya Desemba atakuja kwako. Naandika siku yenyewe ili usiniulize lini: siku inayofuata siku watakayofunga shule. Nitamleta mwenyewe, tulale Mapera kwa mama sote.

Jambo moja limebaki. Jana tulikuwa tunaosha vyombo, akasita, akaniuliza, “Na yeye kule analia?”

Nilimwambia sijui.

Nijibu, dada. Unalia? Nataka kumwambia kweli. Sema kweli, hata kama najua nikiisoma nitafurahi.

Mdogo wako,
Tadea